Vipepeo wa matope ya Mto Sigi: ni chumvi, ni kiu, au tunadanganyana?

#1 Sigi Chini
Wakuu, salaam. Kila mgeni anayepita kivuko cha Mto Sigi, chini ya Amani kule Usambara Mashariki, huambiwa na mwongozaji wake kuwa vipepeo waliojazana pale "wana kiu". Mimi napinga. Maji safi yanapita hatua mbili pembeni, lakini kundi zima limebanana kwenye kipande cha tope kisichozidi upana wa ungo, mabawa yamefumbwa, mirija ya kunyonyea imezama. Mwenye kiu aache mto afuate tope?

Hoja yangu ni kwamba wanatafuta chumvi, hasa sodiamu. Kiwavi amekula majani maisha yake yote, na majani yana potasiamu tele lakini sodiamu kiduchu. Akishakuwa kipepeo anahamia kwenye nekta, ambayo karibu yote ni maji na sukari. Kwa hiyo anatoka kwenye pupa akiwa tayari na deni la chumvi. Mwenye hoja tofauti aje.

#2 Mwalimu wa Zamu
Uzi mzuri, ila umeruka hatua. Kipepeo hawezi kusimama juu ya maji yanayokwenda. Anahitaji mahali pa kuweka miguu, na maji yawe utando mwembamba kati ya punje za mchanga ndipo mrija uvute. Ukingo wenye tope unampa vyote viwili. Kwa hiyo "maji safi yapo pembeni" si ushahidi wa chochote. Hata wewe ukiwa na kiu huwezi kunywa bomba la zimamoto.

#3 Pupa Kumi
😂 Bomba la zimamoto. Mwalimu, lakini tazama upande wa pili wa kipepeo. Chukua darubini ya mkono, lala kifudifudi hatua tatu kutoka kwenye kundi, kisha ukazie macho ncha ya tumbo la Graphium (jamii ya vipepeo wanaopenda tope) mmoja tu. Kila baada ya sekunde chache linaruka tone la maji kwa nyuma, safi kabisa, huku mrija mbele unaendelea kuvuta. Maji yanaingia huku na kutokea kule bila kukaa. Angekuwa na kiu angeyabakiza. Huyu anachuja: anabakiza kitu, maji anayatupa.

#4 Sigi Chini
Hapo umemaliza, Pupa Kumi. Asante.

#5 Mwalimu wa Zamu
Hajamaliza. Tone linaloruka linaweza pia kuwa njia ya kujipoza. Angalieni saa: kundi linaanza kujaa kwenye saa tatu au nne asubuhi jua likishapanda, na linapungua alasiri. Hizo ndizo saa za joto. Kupitisha maji baridi mwilini ni kama kumwagilia injini.

#6 Nondo wa Taa
Joto halielezi nondo. Kuna nondo mdogo wa Marekani, Gluphisia septentrionis, ambaye madume wake hufanya jambo hilihili USIKU. Smedley na Eisner walimchunguza na kuchapisha mwaka 1995: dume mmoja anaweza kukaa kwenye dimbwi kwa saa kadhaa akirusha maji kwa nyuma jeti baada ya jeti, mpaka jumla ya maji aliyopitisha inafika mara 600 ya uzito wa mwili wake. Usiku anapoza nini?

Na walifuatilia sodiamu inakwenda wapi. Dume anaikabidhi kwa jike wakati wa kupandana, na jike anaiweka kwenye mayai. Kiwavi wa nondo huyo anakula majani ya mti ulio na sodiamu ndogo sana, hivyo baba anamwachia mtoto akiba ya chumvi kabla hajaanguliwa.

#7 Chawa wa Sayansi
Kwa hiyo mahari ni chumvi. Vijana mmesikia, acheni kulalamikia ng'ombe.

#8 Pupa Kumi
@Chawa 😂 ila ndiyo maana ukihesabu kundi kwenye tope, karibu wote ni madume. Wengi hawaamini kwa sababu kwa spishi kama Papilio demodocus, yule wa michungwa na milimao, dume na jike wanafanana. Tumia Papilio dardanus upate jibu la haraka: huku kwetu dume ni wa manjano hafifu na ana mikia, majike hawana mikia na wanaiga rangi za vipepeo wenye sumu. Kwenye tope utaona wa manjano wenye mikia tu. Jike yuko msituni anatafuta mti wa kutagia.

Kwa Graphium geuza kipepeo upande: dume ana mkunjo wenye manyoya ya harufu kwenye ukingo wa ndani wa bawa la nyuma. Kwa spishi zisizo na alama hiyo angalia ncha ya tumbo. Ya dume ina vibanio viwili kama koleo lililofungwa.

#9 Milima Mbale
Habari zenu, mimi ni msomaji tu. Swali: kama ni chumvi, kwa nini hawaendi baharini? Pwani yote ile.

#10 Sigi Chini
Karibu. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, hayo ni makali mno. Kipepeo anataka chumvi kidogo anayoweza kuipitisha. Pia upepo wa bahari hupeperusha chumvi na kuiacha juu ya majani, kwa hiyo majani ya ukanda wa pwani hayana umaskini wa sodiamu kama ya bara. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo sodiamu inavyokuwa bidhaa adimu. Wewe wa Mlima Elgon unalijua hilo kuliko sisi: tembo huko huingia pango la Kitum gizani kuchimba ukuta kwa pembe ili wapate kula mawe yenye chumvi.

#11 Milima Mbale
Kweli kabisa. Na pale wanaponywea ng'ombe, vipepeo hawakosi.

#12 Bibi Samadi
Hapo kwenye ng'ombe ndipo mnapokosea nyote. Mkojo wa ng'ombe una chumvi, sawa, lakini una naitrojeni nyingi zaidi. Na samadi je? Na mzoga? Charaxes, wale vipepeo wapenda kinyesi na matunda yaliyochachuka, hagusi mchanga ulio safi ukimwekea kinyesi cha chui au fisi pembeni, na kinyesi cha mla nyama kinajulikana kwa protini iliyooza. Nekta haina protini ya kutosha. Dume anayeruka siku nzima kulinda eneo lake anahitaji amino asidi. Mmeshikilia chumvi kwa sababu ni rahisi kuipima.

Watafiti waliojaribu kisiwa cha Borneo huko Asia, matokeo yakatoka 1999, waliweka maji ya chumvi na maji ya albumini, yaani protini ya ute wa yai. Protini ilivuta vipepeo wengi. Someni kabla ya kufunga mjadala.

#13 Nondo wa Taa
Bibi, kabla ya hiyo kulikuwa na Arms, Feeny na Lederhouse, jarida la Science mwaka 1974, waliofanyia kazi Papilio glaucus huko Marekani. Trei za mchanga, kila moja na mchanganyiko wake. Kilichomfanya kipepeo abaki akinywa kilikuwa sodiamu.

#14 Bibi Samadi
Spishi moja, mwanangu. Nchi moja. Wewe ukimjua Mchaga mmoja anayependa mbege utasema watu wote duniani wanakunywa ndizi?

#15 Chawa wa Sayansi
Naomba Wachaga mkae kimya kwenye uzi huu 😂

#16 Mchanga Mweupe
Badala ya kurushiana majina ya watafiti, pimeni. Gharama ni ndogo. Unahitaji trei tano za plastiki nyeupe za sentimita 30 hivi, mchanga wa mto, mizani ya gramu, na sehemu ambayo vipepeo tayari wanashuka.

Mchanga uoshe mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa, mara sita au saba, kisha uchemshe na kuuosha tena. Ukiuchukua mtoni na kuumwaga kwenye trei kama ulivyo, tayari una chumvi na vinyesi ndani yake na jaribio limekufa kabla ya kuanza. Trei zisisuguliwe kwa sabuni. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa magadi makali, ni sodiamu hiyo.

Jaza mchanga kina cha sentimita 2. Kisha kila trei mililita 400 za:
– maji ya mvua matupu
– chumvi ya mezani gramu 5.8 kwa lita
– kloridi ya potasiamu gramu 7.5 kwa lita
– ute wa yai moja uliopigwa kwenye lita moja
– sukari gramu 100 kwa lita

Viwango vya pili na vya tatu vimelinganishwa makusudi: idadi ya chembe za sodiamu na potasiamu inakaribia kuwa sawa, kwa hiyo wakichagua moja hawajachagua kwa sababu ya ukali.

Panga trei umbali wa mita 2, zote juani. Kila saa zizungushe, ya kwanza iende nafasi ya pili na kuendelea, kwa sababu kuna nafasi ambazo vipepeo wanazipenda tu kwa sababu ya jua au upepo. Hesabu kila dakika 10, na uhesabu wale ambao mrija uko nje na umegusa mchanga. Aliyetua kuota jua hahesabiwi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuongeza maji. Mililita 400 za chumvi hiyo zina gramu 2.3. Jua likikausha nusu, chumvi inabaki yote na ukali unakuwa mara mbili. Ukijaza tena kwa maji ya chumvi, kufika saa nane una ganda jeupe juu ya mchanga na hakuna kipepeo. Halafu utaandika humu kwamba "vipepeo wa huku hawapendi chumvi". Jazia kwa maji MATUPU mpaka alama uliyochora kwenye trei.

#17 Pupa Kumi
Post bora ya uzi. Naongeza mawili. Trei ya sukari itajaa sisimizi ndani ya nusu saa na kuwafukuza vipepeo, hivyo matokeo yake hayafai. Iweke trei ndani ya beseni pana lenye maji kidogo sisimizi wasivuke. Na ute wa yai siku ya pili unanuka na kuleta nzi wa kijani, sasa hujui kama vipepeo wamevutwa na protini au na harufu. Ubadilishe kila asubuhi.

#18 Mwalimu wa Zamu
Na mtajuaje kwamba hawajavutwa na wenzao? Kipepeo wa kwanza akitua trei ya chumvi kwa bahati tu, wa pili anamfuata, wa tatu anawafuata wawili. Saa moja baadaye una vipepeo 30 trei moja na sifuri nyingine, na unashangilia sodiamu.

#19 Mchanga Mweupe
Swali halali. Chukua vipepeo waliokwisha kufa, uwakaushe mabawa yakiwa yamefumbwa, uchomeke watatu kila trei, ikiwemo ya maji matupu. Sasa zote zina "wenzao". Wenye mikia na wale weupe wanafuata macho kweli, watashuka hata penye karatasi nyeupe iliyokatwa vizuri. Lakini kushuka si kunywa. Kwenye maji matupu wanaonja na kuondoka mapema. Ndiyo maana muda wa kukaa unapimwa mbali na idadi ya wanaotua.

#20 Mwalimu wa Zamu
Nakubali kipimo cha muda. Kiu sijaifuta.

#21 Kakamega Ndani
Huku Kakamega kundi linajipanga kwa rangi: weupe na weupe, Graphium policenes wa mistari ya kijani na wenzake, vibuluu vidogo pembezoni. Inaunga mkono la macho. Nadhani usalama pia umo. Keremkerem akishuka kwenye kundi la mia, uwezekano wa kuwa wewe ndiye unayeliwa ni mdogo.

#22 Bibi Samadi
Usalama unaeleza kwa nini wakae pamoja, hauelezi kwa nini wakae kwenye mavi.

#23 Chawa wa Sayansi
Nukuu ya mwaka.

#24 Ukanda wa Majivu
Nina la kuwavuruga watu wa sodiamu. Nendeni pale wapiga kambi walipozima moto juzi, mvua ikishanyesha juu ya majivu. Vipepeo wanajaa. Majivu ya kuni ni potasiamu na kalsiamu kwa wingi, sodiamu ni kidogo mno. Chumvi ya kienyeji ya kuchuja majivu ya matete, ile waliyopikia wazee wa bara kabla ya chumvi ya dukani, ladha yake si ya chumvi ya bahari kwa sababu hiyohiyo. Sasa kama kipepeo ameshiba potasiamu ya majani, majivuni anafuata nini?

#25 Sigi Chini
Majivu ya kambi si kuni peke yake. Kuna mchuzi uliomwagika, maji ya kuoshea sufuria, na samahani, kuna watu waliozima moto kwa njia ya haraka.

#26 Ukanda wa Majivu
Jibu la kisiasa. Tanuru la mkaa halina mchuzi na bado wanashuka. Chukua majivu ya tanuru, loweka, weka trei ya sita kwenye mpango wa Mchanga Mweupe.

#27 Mchanga Mweupe
Iwekwe. Ila pima uchungu wa maji ya majivu kwanza kwa karatasi ya asidi na alkali. Yakiwa makali kama sabuni, yapunguze. Na kuwe na trei nyingine yenye mchanga uliopakwa masizi meusi bila majivu, maana udongo mweusi unashika joto na asubuhi vipepeo wanatua popote penye joto.

#28 Ukanda wa Majivu
Sawa. La masizi sikulifikiria.

#29 Fua Sigi
Mbona hakuna aliyetaja mawe ya kufulia? Pale kina mama wanapofulia, povu likishakauka, vibuluu na weupe hawabanduki. Sabuni ni sodiamu kama alivyosema #16. Hakuna protini pale wala mkojo.

#30 Bibi Samadi
Hakuna mkojo kwenye nepi za watoto, bibie? 🙂

#31 Fua Sigi
😂😂 Naondoa hoja kwa muda.

#32 Kibale Magharibi
Salaam kutoka Fort Portal. Mnazungumza kana kwamba dume anakusanya chumvi kwa ajili ya jike tu. Waliofanya kazi kwenye msitu wa Kibale na vipepeo wanaokula matunda waliuliza swali jingine: je, sodiamu hiyo ni zawadi ya jike au ni ya dume mwenyewe, kwa ajili ya misuli ya kuruka? Madume wengi wanashinda wakizunguka na kufukuzana. Jike anatulia zaidi. Jibu la nondo wa Marekani lisibebwe zimazima mpaka kwa Charaxes.

#33 Nondo wa Taa
Misuli na neva zinahitaji sodiamu, hilo ni la viumbe wote. Damu ya kipepeo ni kama yetu, ina chumvi.

#34 Kibale Magharibi
Hapana, kaka. Damu ya vipepeo na nondo iko kinyume na yetu: potasiamu ni nyingi, sodiamu ni kidogo. Hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu. Mnyama ambaye mwili wake umezoea sodiamu kidogo, kwa nini aitafute kwa saa tatu akihatarisha maisha mbele ya mijusi?

#35 Nondo wa Taa
Nimesahihishwa. Hapo kwenye damu niliropoka. Hoja ya mayai ya Gluphisia inabaki pale pale lakini.

#36 Pupa Kumi
Kwa wafugaji wanaosoma: iwe chumvi au protini, banda la wavu lisikose sinia la mchanga mbichi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita, kisizidi. Mchanga uwe mbichi tu, maji yasisimame juu yake. Yakisimama, vipepeo wachanga wanalowa mabawa na kunasa, na baada ya wiki una viluwiluwi vya mbu. Liweke upande unaopata jua la asubuhi. Mchanga ubadilishwe kila baada ya siku mbili. Ukiona rangi ya kijani umechelewa.

Kwa Charaxes sinia halitoshi. Ndizi mbivu iliyopondwa, ichachuke siku mbili au tatu kwenye chombo kilichofunikwa kwa kitambaa, ndiyo inayowashusha. Ukiifunika kwa mfuniko unaobana italipuka.

#37 Milima Mbale
Je, wapiga picha? Nikisogea wanaruka wote.

#38 Kakamega Ndani
Ni kivuli chako. Njoo jua likiwa mbele yako, kivuli kiangukie nyuma, na sogea ukiwa umeinama chini. Wakiruka, usiondoke na usiwafuate. Kaa palepale bila kutikisika. Baada ya dakika chache wa kwanza atarudi kwenye kipande kilekile cha tope, kisha wengine juu yake. Papilio wanatetemesha mabawa wanapokunywa, kwa hiyo ongeza kasi ya kamera. Graphium anafumba na kutulia.

#39 Mwalimu wa Zamu
"Kipande kilekile cha tope." Hapo ndipo pa kupimwa. Ukingo mzima unaonekana sawa, lakini wanarudi mahali pamoja penye upana wa ungo. Chimbeni udongo pale, na mwingine hatua moja pembeni, mpeleke maabara mpime sodiamu, potasiamu na naitrojeni vyote vitatu.

#40 Bibi Samadi
Na kabla ya kuchimba, ulizeni wachungaji ng'ombe walisimama wapi jana.

#41 Sigi Chini
Nimewaona wadogo wa kahawia, wale wanaoruka kwa kushtuka-shtuka, hawakai kwenye tope kabisa. Wanatua juu ya jiwe KAVU, wanakunja tumbo, wanatoa tone, halafu wanalinyonya lilelile. Nani anawajua?

#42 Nondo wa Taa
Hao ni wa jamii ya Hesperiidae. Jiwe lina chumvi au kinyesi cha ndege kilichokauka, na mrija hauwezi kuvuta kitu kikavu. Analiyeyusha kwa maji yake mwenyewe, kisha anayavuta yakiwa na mzigo.

#43 Chawa wa Sayansi
Mwalimu, huyu naye ana kiu?

#44 Mwalimu wa Zamu
Huyu hana. Nimekubali kwa huyu MMOJA. Wa kwenye tope bado.

#45 Ukanda wa Majivu
Na majike? Mwishoni mwa msimu majike wachache wanashuka kwenye tope pamoja na madume. Kama wanapewa chumvi kwenye ndoa, wanafuata nini?

#46 Bibi Samadi
Wenye ndoa wajibu hilo.

#47 Mchanga Mweupe
Trei ya sita, ya majivu ya tanuru, imeshapimwa uchungu. Ilikuwa kali, imepunguzwa maji mara nne. Itawekwa mvua ikikatika siku mbili mfululizo. Atakayefanya ya kwake aweke hapa idadi ya madume na majike kando kando, na saa. Msilete jumla peke yake.